Baba Hakushuka Garini

Juzi hapa Kasongo nilimwona fundi akiinua gari kwa springi nene, ili lipite mchanga na matope ya barabara ya Kabambare. Harufu ya grisi ilinirudisha alasiri moja ya utoto wangu, nyuma ya ofisi ya Wabelgiji, ambako baba yangu alikuwa fundi.

Alikuwa amemaliza kuliinua gari la bwana mkubwa na kulifungia matairi mapana. Mzungu huyo akaja, akanyoosha mkono apewe ufunguo.

"Nitaendesha mwenyewe. Wewe utafuata kwa miguu na wapagazi. Likikwama, mutasukuma."

Baba akaingia garini, akashika usukani. Nilidhani amechoka. Nikampelekea maji kwenye kata, nikapanda na kukaa kando yake.

"Shuka!" Mzungu alifoka, akamwita askari wa kiboko.

Baba alikunywa maji polepole mpaka yakaisha.

"Munipige, bwana. Lakini mutu mwenye kujua hii gari iko mumoja tu hapa. Sitatembea nyuma yake."

Nilicheka, nikifikiri wanataniana. Leo najua kiboko kile kilikuwa kikichana migongo ya watu pale pale uani.

Askari alingoja amri. Mzungu akatazama jua, akatazama barabara, kisha akazunguka na kupanda upande wangu. Nilibanwa katikati yao.

"Huyu mutoto ashuke."

Baba akawasha injini.

"Anaenda na baba yake," alisema, akatia gia.