Bia ya Watawa Niliyoiita Mbege

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia kabla hujasikia yote. Nilimdanganya mtu aliyekuwa anakufa, tena kwa kitu alichokiheshimu kuliko vyote, na wakati nafanya hivyo nilijiona mwema!

Jina langu halitakusaidia kitu. Nina miaka arobaini na kitu, nasafisha ofisi Kista, nalala Upplands Väsby, pembeni mwa Stockholm. Kwetu ni Uchagani. Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka, na tangu hapo sijatulia. Nairobi, Athene, Antwerp, sasa Stockholm. Kila mji ninaofika natamani nilikotoka, na nikiambiwa nirudi nakata tiketi ya kwingine. Kukaa mahali nikasubiri, hapo ndipo siwezi.

Kule Antwerp niliosha vyombo miaka mitatu kwenye baa ndogo. Mwenye baa, mzee mnene mwenye pumu, ndiye aliyenionjesha kwa mara ya kwanza ile bia nyeusi inayopikwa na watawa kwenye monasteri zao. Nilikuwa na kiu, nikataka kuigida. Akanishika mkono.

"Hii haikimbizwi," akasema.

Akanifundisha. Isiwe baridi sana. Bilauri iwe na mdomo mpana. Mimina polepole, na mashapo ya chachu uyaache chini ya chupa. Kwanza itazame, weusi wake una wekundu ukiinua kwenye mwanga, na povu lake lina rangi ya chai ya maziwa. Halafu nusa. Halafu ndiyo unywe, kidogo tu, uiache itembee ulimini.

Nikanusa. Mungu wangu! Ndizi mbivu! Si zile za dukani zisizo na harufu. Ndizi zilizovundikwa, zilizoiva mpaka ganda likawa jeusi. Nyuma yake zabibu kavu, sukari iliyoungua chini ya sufuria, karafuu kwa mbali. Nilipomeza ikanipasha moto kifuani, taratibu, na uchungu kidogo ukabaki nyuma ya ulimi kama ule wa gome la msesewe tunalotia kwenye mbege.

Kwa asiyejua, mbege ni pombe yetu, ya ndizi na ulezi. Ni nzito, ina ukakasi, na bia ya watawa haifanani nayo ukiziweka pamoja. Lakini ile harufu ya kwanza! Niliona jiko la mama siku ya kupika. Nilisimama pale na aproni iliyolowa, machozi yananitoka mbele ya Mbelgiji wa watu.

Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo bia yangu. Hapa Stockholm nilikuwa nanunua chupa moja kila mwezi kwenye duka la pombe la serikali, Jumamosi kabla hawajafunga, napanda treni mpaka Hjulsta, naifungulia kwa Kaka Elia. Watu walinicheka sana. Kulikuwa na jirani yake, Mkenya, kila mara lazima aseme, "Sasa wewe hiyo bia unainusa ama unaikunywa? Tukuletee na leso?"

Kaka Elia hakuwa ndugu yangu wa damu. Alitoka kijiji cha pili na chetu. Nilipofika Sweden sina pa kulala, yeye na mkewe, Mama Neema, walinipa kochi lao miezi saba. Yeye alionja bia yangu mara moja tu, akasema, "Mdogo wangu, hii ni nzuri, lakini haina mtu ndani yake." Akarudi kwenye chai.

Sasa sikia. Kaka Elia alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, Godlisten, aliyebaki kwenye kihamba, shamba la migomba la wazazi. Mama yao alipofariki, Elia alikuwa bado anasubiri vibali vyake, akitoka Sweden haruhusiwi kurudi. Akaomba mazishi yasogezwe wiki mbili. Godlisten akakataa. Akamzika mama bila mkubwa wake. Na pale kaburini, mbele ya watu, akasema Elia alishawazika wao siku nyingi. Miaka kumi na moja hawakusemezana!

Halafu Kaka Elia akapata saratani. Ilipofika mahali madaktari wakasema arudi tu nyumbani kwake Hjulsta, wauguzi watamfuata huko, aliniita karibu na kitanda.

"Sitaki tena kusafirishwa wala kuombewa makanisani," akasema. "Nataka Godi aniombe radhi kabla sijaenda. Hilo tu."

Kwetu radhi haiombwi kwa mdomo mtupu. Aliyekosa anatuma jani la isale, mmea wa mipaka ya mashamba yetu, na mbege aliyoipika kwa ajili hiyo. Ukipokea lile jani ukanywa ile pombe, umesamehe, na hilo jambo halifufuliwi tena na mtu yeyote. Lakini lazima litoke kwa mkosaji mwenyewe. Mtoto mdogo wa Kichaga anajua hilo. Na mimi nilijua!

Nikampigia Godlisten. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, vitu hivi havisukumwi. Nipe mwezi."

"Madaktari hawajampa mwezi."

"Basi nipe siku ninazoweza."

Ningetulia hapo. Hakukataa yule! Lakini mimi kusubiri nimekwambia siwezi. Kila Jumapili nilimwona Kaka Elia amepungua, shingo imekuwa kama ya ndege, naye haulizi kitu kingine, anauliza, "Godi hajapiga?"

Siku moja niko kazini napangusa meza karibu na mashine ya kahawa, nikaona ua kwenye chungu. Nilikuwa nimelimwagilia mwaka mzima bila kulitazama. Isale! Wazungu wanalifuga kama pambo. Nikachungulia kushoto na kulia, nikachuma jani moja, nikalificha ndani ya fulana.

Jumamosi nikanunua chupa nne za bia ya watawa. Nikaimimina kwenye sufuria, nikaipooza kwa kuihamisha chombo hadi chombo mpaka gesi ikaisha. Yale mashapo niliyofundishwa kuyaacha nikayatikisa yote ndani. Nikaponda ndizi nyeusi, nikapika uji wa ulezi wa duka la Waafrika, nikakamua limau ipate ukakasi. Nikaonja. Nikaongeza. Nikaonja tena. Ulimi wangu huu niliojivunia miaka yote ndio ulioniambia, hapo sasa, itapita.

Jumapili baada ya ibada nikafika Hjulsta na chupa ya plastiki. Nikasema kuna mtu ametua jana Arlanda kutoka Moshi, katumwa na Godlisten. Mama Neema akapiga vigelegele mpaka akakohoa. Akashusha kata ya kibuyu iliyokuwa pambo ukutani, akaiosha, akamimina.

Kaka Elia alishika lile jani kwanza. Akalilaza kifuani. Kisha akanywa funda moja, akafumba macho.

"Ni mbaya," akasema.

Mama Neema akanyoosha mkono kuipokea kata.

"Ni mbaya sana! Hii imepikwa na mtu asiyejua kupika." Machozi yakaanza kumtoka huku anacheka. "Angempa mtu wa kilabuni, ingekuwa nzuri. Kapika mwenyewe! Godi kaingia jikoni kwa ajili yangu! Yameisha. Mama Neema, umesikia? Yameisha."

Akaomba chakula. Siku tano alikuwa hali! Akala ndizi za nyama, kidogo, akasimulia jinsi Godi alivyoanguka mtini akiwa mdogo akasingizia mbuzi. Saa nzima ile nyumba ilikuwa nyumba. Nikasema moyoni, unaona? Umefanya vizuri.

Kisha akasema, "Nipeni simu."

"Kaka, pumzika kwanza, utampigia kesho."

"Kesho ya nani? Nipeni simu."

Mama Neema akaiweka kwenye spika.

"Godi. Ni Elia. Mbege yako imefika. Nimekunywa, mdogo wangu."

"Mbege ipi?" Godlisten akauliza.

"Hii uliyotuma. Na isale."

"Kaka, mimi sijatuma kitu." Sauti ikapanda. "Nani kaniombea radhi mimi? Kwa hiyo huko mmeshakaa kikao, mkaniona mimi ndiye mkosaji, mkanipikia na pombe?"

Simu ikakatika. Kaka Elia akageuza kichwa kunitazama, polepole.

"Umeitoa wapi?"

"Ni ile bia, kaka. Ya watawa. Nimeichanganya."

"Na jani?"

"Kazini. Kista."

"Kista wapi?"

"Kwenye chungu. Karibu na mashine ya kahawa."

"Mashine ya kahawa," akasema. Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana! Alilitoa lile jani kifuani, akampa mkewe kama mtu anayetoa kitu kilichomwangukia. "Mama Neema, mpe mwenzio koti lake."

Sikuruhusiwa tena kuingia. Nilikuwa napanda treni mpaka Hjulsta, nasimama chini ya dirisha lao, narudi.

Yaliyofuata alinisimulia Mama Neema. Baada ya wiki mbili na siku kadhaa likaja jani la kweli. Mtoto wa mchungaji wa kwao alikuwa anasafiri kuja masomoni, Godlisten akampa isale lililochumwa kwenye mpaka wa kihamba, hatua chache kutoka kaburi la mama yao. Mbege alikuwa ameianza, haikuwahi siku ya safari, akasema itafuata. Na ujumbe akausema mwenyewe kwa simu, kwa sauti, majirani zake wote wakisikia: "Kaka, nilikosa. Ningekungoja."

Miaka kumi na moja, na maneno yenyewe ndiyo hayo!

Mama Neema akamwekea jani mkononi. Kaka Elia akalitazama.

"Hili nalo la ofisi gani?"

Wakamwapia. Godlisten akaonyesha kwa video shina lenyewe, pale alipokata. Elia akafumba macho. Akamwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Sisemi ni la uongo. Lakini kila nikilishika naisikia ile bia mdomoni."

Alifariki siku ya nne, jani liko juu ya meza ya dawa. Hakulipokea. Hakulikataa.

Nilikaa miezi miwili kabla sijampigia Godlisten. Nilijiandaa kutukanwa. Nikamweleza yote, chupa, ndizi, limau, yote.

"Siku ile," akauliza, "kabla hajanipigia, alisema nini?"

"Alisema yameisha."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Akilia na kucheka."

"Ilikaa muda gani?"

"Kama saa moja."

"Basi nilisamehewa saa moja," akasema, "na mimi nilikuwa nakata majani ya ng'ombe, sina habari."

Akakata simu. Hatujaongea tena.

Mama Neema ananisalimia kanisani, kwa mkono, kwa heshima, kama mgeni. Binti yao ananijibu Kiswidi. Nimeanza kuangalia tiketi za kwingine, halafu nazifunga. Safari hii nadhani inanipasa nikae papa hapa.

Wewe unayesoma, labda una ndugu wawili wasiosemezana, na mmoja anaumwa, na roho inakuuma uingie kati uwamalizie. Wapigie. Waombe. Lia, piga magoti ukiweza. Kisha toa mikono yako! Usiandike ujumbe kwa jina la mwingine, usinunue zawadi ukasema imetoka kwake, usiseme "amekusalimia" kama hakusalimia. Mimi niliona aibu mtu kufa akingoja. Leo ningetoa chochote Kaka Elia afe akingoja, maana aliyekuwa akingojwa alikuwa njiani.