Hoho Pembeni ya Sahani

Wewe unayesoma hapa, nimechoka na sahani yako. Umekula wali, umekula maharagwe, supu umelamba mpaka chini, halafu hoho yote umeipanga pembeni kama kucha umekata. Eti "hoho ni ya kunukisha tu." Nani alikudanganya? Hiyo kitu kwa vitamini C inapita chungwa, inaingia kwa mayai, kwa omena, kwa githeri, kwa kachumbari, na wewe unaitupa. Halafu homa ikikushika unakimbia chemist kununua vidonge. Akili gani hiyo?

Annet Nalianya anakujua vizuri. Kila asubuhi anatoka Gatwekera kwa mguu mpaka Kawangware 56, ana kibanda cha chakula kando ya mafundi wa mageti. Hoho anachagua mwenyewe sokoni, anafinya moja moja, ile laini anarudisha. Na kila lunch akikusanya sahani, anapata hoho yake imewekwa pembeni.

Kiongozi wa huo upuzi ni Murunga, fundi wa kuchomelea mageti, mdomo mkubwa kuliko geti lenyewe. Akihama kibanda, mafundi wote wanamfuata kama vifaranga. Annet anajua hivyo, na anajua mwenye ploti alishasema benchi ikikaa tupu, hiyo nafasi inapewa mtu wa kuuza soseji za smokie.

"Mathe," Murunga akasema siku moja, akichokora sahani mbele ya watu wote, "sisi si sungura. Kesho nikipata hizi majani tena, tunahamia kwa Marion, kibanda cha ng'ambo."

Annet akakusanya sahani. Kesho yake akapika maharagwe bila hoho hata moja.

Murunga akaonja. Akaonja tena. Akaangalia sahani kama mtu ameibiwa simu.

"Mathe, leo umepikia wagonjwa? Hii haina hata harufu!"

"Si ulisema nitoe hoho, shem?"

"Nilisema sitaki kuiona! Harufu nani alikwambia utoe?"

Mafundi wakaitikia, eti ni kweli, harufu ibaki. Watu wazima na ndevu zao, wanataka harufu ya kitu na kitu chenyewe hawataki.

Annet alifikiria benchi, akafikiria mtu wa smokie, halafu akachoka. Akachukua hoho mbichi, akaiosha, akaipasua katikati, akaiweka kwa kisahani mbele ya Murunga.

"Haya shem. Nusa hapa, kula hapo."

Benchi yote ilikufa kwa kicheko. Kavoi, fundi wa rangi, alimwaga chai. "Buda, vuta ndani! Nusa moja, kijiko moja!"

Murunga akavimba, akatupa pesa mezani, akaenda kwa Marion. Annet akabaki ameshika mwiko, akingoja vifaranga wainuke. Hakuna aliyeinuka. Kavoi akavuta kile kisahani, akanyunyizia hoho chumvi, akatafuna kru, kru.

"Kumbe ni tamu," akasema. Mtu ana watoto watatu, ndio anagundua mboga. Sijui nicheke ama nilie.

Kesho yake hoho ikarudi kwa sufuria, vipande vikubwa makusudi. Na Murunga hakukaa sana, akarudi, kwa sababu kwa Marion alikuwa anakula peke yake, na mdomo kama ule haukai bila watu. Akaketi mwisho wa benchi, akala, akasukuma hoho pembeni, akanyoosha sahani.

Annet hakuipokea. Alisimama tu, mkono kiunoni.

"Hujamaliza, shem."

Kavoi akaanza kukohoa kicheko. Murunga akaangalia sahani, akaangalia benchi, akamaliza. Alitafuna kama mtoto anapewa dawa ya minyoo, lakini alimaliza, na ndipo Annet akachukua sahani.

Sasa ni wewe. Hiyo sahani iko mbele yako usimpelekee mtu. Shika kijiko, okota hizo hoho zote, ukule.