Vioo Vyeusi vya Anastazi Mbonimpa

Anastazi Mbonimpa wa Nyakasimbi hakuwa mtu wa makuu. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wangali vijana, wakawalimia watu mpaka wakapata kibanja chao. Naye akakitunza kile kibanja, migomba na kahawa, hadi akaweza kununua Landrova kuukuu iliyokohoa kila ilipoona kilima. Lakini mwaka 1996, kilichomfanya ajulikane na kila askari wa barabarani mpaka mjini Kayanga si Landrova yenyewe. Ni vioo vyake. Vilikuwa vyeusi tii kama sufuria ya msibani.

Hakuvitia weusi kwa fahari. Binti yake wa mwisho, Placidia, alizaliwa na ngozi nyeupe isiyostahimili jua. Watu walimwita zeruzeru, neno ambalo Anastazi hakutaka lisikike uani kwake. Jua likimpiga kidogo tu, mabega yanatoka malengelenge. Na mtoto alisoma Kayanga, akilala kwa shangazi yake Mukabera. Kila Jumatatu baba alimpeleka, kila Ijumaa akamrudisha. Fundi mmoja wa mjini ndiye aliyemshauri abandike tinti, ile karatasi nyeusi ya vioo. Anastazi akabandika gari zima isipokuwa kioo cha mbele, akamshukuru Mungu kwamba mtoto sasa yu kivulini.

Kivuli hicho kilimtokea puani.

Wa kwanza kumsimamisha alikuwa Koplo Rwezaura, kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande."

"Mzee, vioo hivi ni kosa. Aliye ndani lazima aonekane. Huku mpakani silaha zinapita, na sisi tutajuaje umebeba nini?"

Anastazi akashuka, akafungua mlango wa nyuma. Placidia alikuwa amekaa katikati ya mikungu ya ndizi, begi la shule mapajani.

"Silaha yangu ndiyo hii," alisema.

Rwezaura akamtazama mtoto, akajikuna shingo. "Pole, mzee. Basi toa angalau tinti za milango ya mbele."

Akazitoa. Haikupita wiki, akasimamishwa na askari mwingine, mtu mzima mwenye sauti ya kukwaruza. Anastazi akamweleza kwamba za nyuma ameruhusiwa.

"Umeruhusiwa na nani? Sheria haina mbele wala nyuma! Giza ni giza."

"Afande, mwenzako mwenyewe ndiye aliyeniambia—"

"Basi mwenzangu akulipie faini."

Faini akailipa mwenyewe, akinung'unika njia nzima. Alipofika mjini akapita dukani kwa Abdallah, muuza vipuri, kumtolea dukuduku lake. Abdallah akacheka mpaka akashika kaunta.

"Wamekuonea, ndugu yangu. Sheria inahusu mbele tu. Mimi nimezaliwa kwenye vipuri, nisijue?"

Anastazi alimwamini, kwa kuwa alitaka kumwamini. Akaziacha za nyuma mahali pake. Ijumaa hiyohiyo yule mwenye sauti ya kukwaruza akamkamata tena, na safari hii hakuandika faini. Aliandika mahakama.

Siku ya kesi Anastazi alivaa koti lake la kanisani. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo lililompa matumaini ya bure.

"Mzee Mbonimpa, nimekuelewa," alisema. "Mimi pia ni mzazi. Lakini sheria hii haikuacha mlango wa wazazi. Nikikufungulia wewe, kesho jambazi atakuja na mtoto wa kuazima."

"Sasa mheshimiwa, jua nilizuie kwa kitu gani? Kwa sala?"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akamtoza faini ndogo kuliko alivyotarajia, akamwamuru aondoe tinti yote, na akamwonya kwamba akirudi kwa kosa lilelile gari litazuiwa na yeye mwenyewe anaweza kulala ndani.

Kesho yake, Jumamosi, Mukashema, mke wake, alichemsha maji. Anastazi akashika wembe, akaanza kukwangua. Karatasi ilitoka vipande vipande kama ngozi ya nyoka mgonjwa, gundi ikabaki, na alipoipaka mafuta ya taa ikawa ukungu mweupe usioonyesha kitu kabisa. Akamtukana fundi. Akamtukana Abdallah. Akaanza na askari, kwa majina na vyeo.

"Anastazi, mtoto anakusikia," Mukashema alisema.

Placidia alikuwa amesimama barazani, mkono juu ya macho.

"Baba, zinatoka zote?"

"Zote! Wameshinda wao. Nenda ndani, jua linakuchoma."

"Afadhali."

Anastazi akageuka. "Afadhali nini?"

"Mle ndani sioni kitu, Baba. Macho yangu yenyewe mabovu, na vile vioo ni kama usiku. Naambiwa tumepita ng'ombe, tumepita mnada, mimi naona weusi tu."

Wembe ukamponyoka. "Miezi yote hii! Nimelipa, nimesimama kizimbani kama mwizi wa kuku! Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unagombana na watu kwa ajili yangu. Ningesemaje?"

Anastazi alikaa juu ya tairi la akiba, akapangusa uso kwa mkono wenye gundi, na gundi ikabaki kwenye nyusi. Kisha akamwambia Mukashema, kwa ukali ambao haukuwa wake, "Mshonee mtoto shati la mikono mirefu. Na kofia. Pana!"

Jumatatu, vioo vikiwa vimesuguliwa mpaka ukungu ukaisha, Placidia alikaa mbele, upande usiopigwa na jua la asubuhi, kofia imemfika mabegani, pua imegusa kioo. Aliuliza juu ya kila kitu kilichokuwa karibu na barabara, na baba yake akajibu kwa mkato, kisha kwa maneno marefu zaidi.

Karibu na Kayanga, Koplo Rwezaura akawasimamisha. Akazunguka gari, akachungulia kila kioo, akatabasamu.

"Safi, mzee. Sasa tunaonana."

Anastazi akashika gia.

"Ila taa ya breki haiwaki."

Anastazi akalaza paji la uso kwenye usukani, honi ikalia yenyewe, na Placidia akacheka mpaka kofia ikamdondoka.