Kipolandi cha Kijijini Kwao

Wapolandi walipoanza kuja Birmingham kwa wingi, mimi nilikuwa nakunja mashuka ya hoteli katika kiwanda kikubwa cha udobi upande wa Longbridge. Shuka pana hukunjwa na watu wawili: mnashika pembe, mnarudi nyuma, mnakutana katikati. Mwenzangu alikuwa mama mmoja wa Kipolandi, na kila tulipokutana katikati alinipa neno la kwao.

Wasichana wa mijini kwao tuliofanya nao kazi walisema "shkola", yaani shule. Yeye alisema "skola". Wakimwambia mtu asubiri walisema "chekai", yeye "tsekai". Kijijini kwao sauti hizo nzito huwa nyembamba zote. Basi mimi ni Mjaluo, lugha yetu haina "sh"; nilipelekwa bweni Nakuru nikisema "sule" na "samba", nikachekwa mpaka nikaacha kunyoosha mkono darasani. Kipolandi cha huyu mama kilinikaa mdomoni bila taabu, na nilikuwa na raha zangu.

Raha ikanitia kiherehere. Siku moja wakati wa chai niliwaambia wale wasichana kwa Kipolandi wanisubiri, nakuja kukaa nao. Walicheka wakashika mbavu. Mmoja akaniuliza kwa Kiingereza, "Nani kakufundisha? Bibi kizee wa shamba?" Wote wakamgeukia mwenzangu, naye akaiva uso hadi shingoni.

Wiki nzima tulikunja kimya. Nilijilaumu sana, maana nilikuwa nimemuaibisha mbele ya watu wake, na niliogopa nimeshampoteza. Ijumaa nikashindwa kuvumilia. Huku tumeshika shuka nikamsimulia habari za bweni, na "sule" yangu nikaitamka vilevile ilivyokuwa.

"Na wewe pia?" akauliza.

"Mimi pia, dada."

Saa ya chai hakwenda kujificha kwenye ngazi kama alivyofanya wiki ile yote. Alikaa meza ya katikati, wasichana wote wapo, akampigia mama yake simu kwa sauti ya juu, kwa lafudhi ya kwao kabisa. Kisha akanipa simu.

Nilimsalimu mama, nikamwambia nafanya kazi na binti yake na mashuka ni mengi. Yule mama akauliza kitu harakaharaka, kikanipita. Mwenzangu alichukua simu, akasikiliza, akajibu, akacheka hadi akafuta macho.

"Anauliza wewe ni wa nyumba gani pale kijijini," akaniambia. "Nimemwambia ya kwetu."