Uso wa Madam Misuli

Wanafunzi ndio waliombatiza Madam Misuli, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kila mwaka ilipofika mada ya tishu za misuli, alipandisha mkono wa blauzi, akakunja ngumi, kisha akawaita wale watundu wa viti vya nyuma waje wamguse.

"Hii inanitii," aliwaambia. "Nikiiambia panda, inapanda. Ni nyuzi ndefu zenye milia, zimejishikiza kwenye mifupa. Haya, nani hapa anaweza kuliamrisha tumbo lake lisukume chakula upesi upesi?"

Darasa liliangua kicheko. Hapo ndipo alipowachorea misuli laini, ile ya tumbo na mishipa ya damu: seli nyembamba zilizochongoka ncha zote mbili, hazina milia wala hazingoji amri ya mtu. Mwisho aliichora misuli ya moyo. Nayo ina milia kama ile ya mkono, lakini nyuzi zake zina matawi na zimeshikana, moja ikishtuka zote zinashtuka.

"Huu haukusikilizi na haupumziki," alisema. "Siku ukipumzika, hutapata nafasi ya kulalamika."

Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na mwendo wa haraka, mke wa fundi umeme, na mwanawe wa pekee, binti, alikuwa anasoma shuleni hapo hapo.

Ugonjwa ulianzia kwenye kope. Kila baada ya mapumziko ya mchana kope ya kushoto ilishuka yenyewe, na watoto wakanong'onezana kwamba Madam anasinzia. Kisha chaki ikaanza kumponyoka. Kisha ulimi: kipindi cha mwisho maneno yalimtoka mazito, yakiburuzana, kama mtu aliyejazwa pamba mdomoni. Balaa ni kwamba akilala usingizi wa kutosha aliamka mzima wa afya. Asubuhi alifua, akadeki, akatembea hadi shuleni bila shida yoyote. Zahanati walimpima damu, wakasema ni uchovu, wakampa vitamini.

"Mke wangu, mimi sikuelewi," mumewe alimwambia jioni moja alipomkuta ameegemea sinki, vyombo havijaoshwa. "Asubuhi mzima, jioni mgonjwa. Kwani huo ugonjwa wako unaingia kwa zamu?"

Alitaka kumjibu, lakini taya lilikuwa limechoka. Mume akachukulia ule ukimya kuwa kiburi, akahamishia mto wake sebuleni.

Shuleni mambo yalienda mrama siku alipokunywa maji mbele ya walimu wenzake, yakamtokea puani. Kabla ya wiki kwisha ilikuwa imeenea kila kona kwamba Madam Misuli anapiga mtindi. Si kope imelegea? Si ulimi mzito? Si anashika ukuta akitoka darasani? Mkuu wa shule akamwita ofisini, akamwita na binti yake.

"Mwalimu, tusizungushane," alisema. "Watoto wanasema, walimu wanasema. Mimi nitamuuliza anayekaa na wewe." Akamgeukia binti. "Mwanangu, usiogope. Mama yako anakunywa pombe?"

Binti aliinamisha kichwa. Muhula mzima wenzake walikuwa wakimwigizia mama yake, wananing'iniza kope, wanaburuza ulimi, wanapepesuka kando ya dawati lake mpaka anatoka nje kulia. Neno moja tu lingetosha. Hakulisema. Alitazama viatu vyake, machozi yakamdondoka, na mkuu wa shule akashusha pumzi kama mtu aliyekwisha kupata jibu lake.

Madam Misuli aliambiwa akapumzike nyumbani. Bodi ilipokaa, mapumziko yakawa ndiyo basi tena.

"Kwa nini hukusema?" alimuuliza bintiye.

"Ningesema nini, Mama? Wewe mwenyewe ungejisikia unavyoongea, ungejiamini?"

Hakumpiga, na hakumgombeza. Aliingia chumbani akafunga mlango. Siku chache baadaye baba alimpeleka binti kwa shangazi yake, eti apate kusoma kwa utulivu, na nyumba ikabaki na watu wawili wanaopishana ukumbini kama wapangaji.

Akawa anakula huku ameshikilia kidevu kwa mkono, anakisukuma ili kitafune. Kisha mchana mmoja, akiwa peke yake, pumzi ikaanza kuwa fupi. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Kiwambo kinachovuta hewa kifuani nacho ni msuli wa jamii ile ile ya mkono, na jamii hiyo yote ilikuwa inamgomea. Aligonga ukuta kwa kikombe. Jirani yake, mshona nguo, akaja mbio, akamkuta amepiga magoti sakafuni, akamkimbiza hospitali.

Huko walimpa hewa kwa mashine. Alipopata nafuu, daktari, mwanamke mdogo kwa umri, alimwambia, "Mama, tazama dari. Usishushe macho." Alitazama. Kope zote mbili zilishuka taratibu, kama milango ya duka linalofungwa.

Daktari akavuta kiti. Alimweleza kwamba mshipa wa fahamu unatuma ujumbe vizuri, ila msuli haupokei, kwa sababu kinga ya mwili wake mwenyewe imeziba milango. Ndiyo maana kadiri anavyoutumia msuli ndivyo unavyozidi kulegea, na akipumzika nguvu inarudi kidogo.

"Moyo na tumbo je?" aliuliza.

"Hivyo viwili ugonjwa huu hauvigusi. Unashambulia misuli unayoiamrisha tu."

"Kwa hiyo sikuwa nimelewa."

"Nani alisema umelewa?"

Aligeukia ukutani.

Vidonge vilimfungua macho siku ile ile. Lakini vidonge havikuchagua. Viliamsha na misuli laini, vikamkata tumbo mpaka akawa anakimbilia choo amejishika kwa mikono miwili. Mumewe naye aliamka. Kila aliyekuja kumjulia mkewe hali, mume alimwambia, "Mimi nilijua tangu mwanzo huu ni ugonjwa," na kila mara Madam Misuli alisikia. Mkuu wa shule alituma salamu na kapu la matunda. Nafasi yake ilikuwa na mwalimu mwingine tayari. Kapu alilitoa zima zima kwa mshona nguo.

Ndipo binti akaja, mama akiwa amesharudi nyumbani. Alikuwa amerefuka. Aliamkia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akalia kabla ya kusema.

"Mama, nisamehe. Niliona aibu. Nilitaka tu waache kunicheka."

Mama alitaka kutabasamu. Misuli ya uso haivuti mfupa, inavuta ngozi, na kwa kawaida inatii haraka kuliko yote. Yake haikutii. Pembe za mdomo zilibaki chini. Uliopanda ni mdomo wa juu peke yake, katikati, pua ikakunjamana, meno yakatokeza. Binti alirudi nyuma kama aliyekaribia kung'atwa.

"Si hivyo, mwanangu," mama aliharakisha kusema. "Ni ugonjwa. Nikitabasamu uso unatoka hivi." Akamweleza yote, msuli kwa msuli, polepole, kama yuko mbele ya ubao.

"Nimeelewa, Mama," binti alisema, akiitikia kwa kichwa vile alivyozoea kumwitikia baba yake asipomwamini. Akaosha vyombo, akafagia, akaaga jua likiwa bado juu. Tangu hapo anapiga simu. Kuja, haji.

Peke yake kioo mkononi, Madam Misuli alijaribu tena, akaona yale meno. Na kwa kuwa hapakuwa na wa kumdanganya, alikiri kwamba hakuwa na hakika kama dakika ile uso ulimsaliti au ulimsemea lililokuwa moyoni.

Kliniki, daktari humuuliza kama tabasamu limeanza kurudi.

"Sijui," hujibu. "Sijapata sababu ya kulijaribu tena."