Uzito wa Mama Mkwe

Laurenti jirani yangu ana heshima mpaka inakera. Akimwona mama mkwe wake anakuja kwenye kinjia cha migombani, anatoka njiani, anaingia kwenye matope na kusimama huko akiangalia chini mpaka apite. Hapa Matombo sote tunawaheshimu wakwe, lakini sisi wengine tunachagua upande mkavu. Mama Felista mwenyewe aliwahi kuniuliza kama mkwe wake haoni vizuri.

Sababu ya ziada anayo. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na Laurenti ameoa hapa, kwa hiyo shamba analolima ni la wakwe. Migomba na maharage anapanda bila kumwuliza mtu. Mti wa kudumu ni habari nyingine, maana ukipanda mti utakaoishi miaka mingi kuliko wewe, watu watataka kujua unamwachia nani. Na Laurenti alitaka mikarafuu kule bondeni. Aliitaka mpaka usingizini. Miche ilishaota nyuma ya jiko lake, na Winfrida mkewe alikuwa akiimwagilia maji aliyooshea mchele. Mama Felista alipoombwa ruhusa alijibu, "Nitakwenda Kilakala nikaongee na kaka yangu." Kaka yake ndiye mjomba wa ukoo. Akikataa yeye, imekwisha.

Mvua ilikuwa imeharibu barabara, magari hayapandi. Ikaamuliwa Laurenti ampeleke kwa pikipiki.

Sasa hiyo pikipiki. Aliinunua imeshatumika, kwa mtu wa Dakawa aliyekuwa akiitumia kubebea magunia ya mpunga, na nyuma ilikuwa ngumu kama benchi la kanisani. Mimi niliipanda mara moja kwenda sokoni, nikarudi kwa miguu na sikumwambia mtu kwa nini. Ikigonga jiwe inakurusha juu, na ukirushwa lazima umshike dereva kiuno. Mama mkwe amshike Laurenti kiuno! Laurenti hakuweza hata kulitamka jambo hilo. Alilitamka Winfrida, tena akicheka.

Basi akashuka mjini kwa fundi Halidi. Halidi akamwonyesha pete zenye ngazi chini ya springi za shokapu. Yule wa Dakawa alikuwa amezipandisha hadi ngazi ya mwisho, springi zikawa ngumu.

"Hapa umefungiwa mpunga," alisema. "Zishushe, lakini usikisie. Kaa na abiria wako, pikipiki ishuke vidole viwili. Ikizidi hapo itagonga chini. Na pande zote ngazi iwe moja, la sivyo itakupeleka kichakani. Mwambie tu abiria akae, mtu achuchumae nyuma yake apime."

"Abiria ni mama mkwe."

Halidi, ambaye naye ameoa, akaweka spana chini. "Pole sana, kaka."

Aliporudi alisafisha cheni kwa mafuta ya taa, akaipaka oili, akakaza spoku na kupunguza upepo kwenye tairi. Kazi zote hizo alizifanya kwa furaha ya mtu anayekwepa ile moja. Jioni akamwomba Winfrida aende akamwambie mama yake aje kupimwa.

"Nikamwambie mama tunampima kama gunia?" Winfrida alisema. "Nenda mwenyewe."

Kesho yake asubuhi akaja kwangu na kiroba cha udongo begani na ndoo ya udongo mkononi. "Mama Erick, wewe si uliwahi kumbeba mama mgongoni?"

Ni kweli. Masika moja nilimvusha mto akiwa mgonjwa, na mgongo wangu hausahau. Nikainama, akaniwekea kiroba.

"Bado," nikamwambia. "Huyu hana mifupa."

Akaongeza udongo.

"Sasa mifupa ipo. Nyonga hazijafika."

Akaongeza tena, mpaka nikasema huyu ndiye. Tukakipeleka kwake, tukakipandisha kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki. Kwa kuwa kilikuwa kinalegea na kuinamia pembeni, Winfrida akakifunga kitenge chake kizuri, kikakaa wima kwa adabu. Mimi nikashika usukani. Winfrida akachuchumaa nyuma na vidole vyake viwili. Laurenti akakaa mbele, amegeuka nusu, mkono mmoja amekikumbatia kiroba kiuno kisianguke.

Ndipo Mama Felista akatokea migombani, matope hadi magotini.

"Nani amechimba shimo shambani kwangu bondeni?"

Laurenti alitaka kukimbilia kwenye matope yake, lakini angeachia, kiroba kingeanguka.

"Nimeuliza. Shimo la kiasi cha mche. Mimi Kilakala hata sijafika, wewe umeshapanda?"

Moyo uliniuma, nasema kweli. Nilijua ile miche ilivyotunzwa, na nilijua neno moja baya la mama huyu lingeifanya kuni.

"Sijapanda, mama. Nilichukua udongo tu. Hapa nyumbani ni mawe matupu."

"Udongo wa nini?" Macho yake yakafika kwenye kitenge, kisha kwenye mkono wa mkwewe. "Na huyo uliyemkumbatia ni nani?"

Laurenti akaangalia chini.

"Ni wewe, mama."

Winfrida akakimbilia jikoni, nikasikia sufuria zikianguka. Laurenti akaeleza yote bila kupumua: springi, mpunga, vidole viwili, mawe ya barabarani, kiuno. Mama Felista akaizunguka pikipiki polepole. Akakibonyeza kiroba begani, akakivuta kitenge kilipokaa vibaya.

"Nani alikadiria?"

Laurenti, mtu wa heshima zake, akaninyooshea kidole.

"Wewe ulinibeba nikiwa na malaria," Mama Felista akaniambia. "Siku hizi nakula. Ongezeni."

Laurenti akaongeza, akapandisha pete ngazi moja kila upande, na safari hii mama mkwe mwenyewe alisimama pembeni kuhakikisha vidole ni viwili kweli.

Alfajiri wakaondoka, na mkungu wa ndizi za kaka mtu ukasimamishwa katikati yao, hakuna aliyemgusa mwenzake. Mimi siku hiyo nilifagia uwanja wangu mpaka ukakaribia kuwa shimo.

Walirudi jua likizama. Mama Felista akashuka bila kushikwa na mtu, akanyoosha kanga yake, akanywa maji. Laurenti hakuthubutu kuuliza. Alikwenda kusimama kwenye matope, ingawa uwanja wote ulikuwa mkavu. Mama akashika njia ya kwake. Kwenye migomba akageuka.

"Baba Evance," akamwita mkwewe.

"Naam, mama."

"Udongo wangu uko wapi?"

"Uko kwenye kiroba, mama."

"Kesho uurudishe ulikoutoa."

Winfrida alijishika mdomo. Laurenti akaitikia kwa sauti ambayo hata mimi jirani sikuisikia vizuri.

"Na usiwe na haraka," Mama Felista akasema. "Weka mche kwanza, ndipo ufukie."