Filamu ya Neema yagawa ukumbi Levolosi

Leo nimeshuhudia watu wazima wakigombana kwa sababu ya ugali.

Ugali wenyewe umo kwenye filamu ya Neema, binti wa hapa hapa Levolosi. Vijana wawili wanakula na wazazi wao. Hakuna anayesema neno. Inaendelea hivyo kwa muda mrefu.

"Fundi, sauti!" baba mmoja akapiga kelele.

Neema akasimama. "Sauti ipo, baba. Hawaongei tu."

Nusu ya ukumbi ikacheka. Wengine wakatoka wakilalamika kwamba filamu inaharibu watoto, inawafundisha kuwanunia wazazi.

Sasa, Mzee Mushi mwenye ukumbi alikuwa ameshamwonya Neema: watu wakilalamika, kesho hakuna onyesho.

"Kwa hiyo kesho basi, mzee?" Neema akamuuliza baada ya onyesho.

"Kesho unaonyesha. Nina vijana wawili kama hao nyumbani, hawaongei nami. Nitakuja nao, nikae katikati yao."

Wewe ungebaki au ungetoka?